Dawa ya akiba kwenye hori la nguruwe: kisa cha jeni ya mcr-1

Julai 2013, katika shamba kubwa la nguruwe Shanghai, China, watafiti walichukua sampuli kwa nguruwe mmoja na kuotesha bakteria waliomo. Wakampata E. coli waliyempa namba SHP45. E. coli si kitu cha ajabu, wamejaa matumboni mwa wanyama na watu, na wengi wao wala hawana madhara. Ila huyu alipowekewa kolistini, antibaiotiki ambayo ingepaswa kumuua, hakufa.

Hawakuwa wakimtafuta. Walikuwa kwenye kazi ya kawaida ya kupima usugu wa dawa kwa bakteria wa mifugo, na kwa muda walishaona kwamba E. coli wanaohimili kolistini wanaongezeka kuliko inavyoelezeka. SHP45 ndiye aliyewaonyesha sababu. Taarifa ilichapishwa tarehe 18 Novemba 2015 kwenye jarida la The Lancet Infectious Diseases. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa Jian-Hua Liu wa Guangzhou na Jianzhong Shen wa Beijing, pamoja na Timothy Walsh wa Chuo Kikuu cha Cardiff. Ndani ya wiki chache, maabara za nchi nyingi zilikuwa zinafungua majokofu yao ya bakteria kutafuta jeni iliyompa SHP45 usugu huo, mcr-1.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinasimuliwa vibaya. Kila usugu wa dawa unapotajwa, lawama humwendea mfugaji: hana elimu, hamalizi dozi, ananunua dawa bila cheti. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwenye kisa cha mcr-1 mfugaji hakuvunja sheria yoyote. Dawa ilikuwa ndani ya mfuko wa chakula cha nguruwe, kihalali, na hata asiyejua jina lake aliilisha mifugo yake kila siku.

Dawa yenyewe

Kolistini iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikitoka kwa bakteria wa udongoni. Ilianza kutumika kwa watu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 hospitali nyingi zilikuwa zimeiweka pembeni kwa sababu inaumiza figo na mishipa ya fahamu, na dawa zenye usumbufu mdogo zilishapatikana. Wa mifugo hawakuwa na sababu ya kuiacha. Ni rahisi kutengeneza, bei yake ni ya chini, na ikinyweshwa haiingii sana kwenye damu. Inabaki tumboni, mahali ambapo mfugaji anataka ifanye kazi.

Kisha wakaja bakteria wasioogopa karbapenemu, kundi la antibaiotiki ambalo madaktari walilitegemea kwa wagonjwa mahututi. Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas walipoanza kustahimili hata hizo, hospitali zilirudi kabatini kuitafuta kolistini, figo au la. Ikawa dawa ya akiba, ile anayopewa mgonjwa wa ICU nyingine zote zikigoma. Shirika la Afya Duniani limeiweka kundi lake kwenye ngazi ya juu kabisa ya dawa muhimu kwa binadamu.

Kwa hiyo kufikia 2015 dawa hiyohiyo ilikuwa na maisha mawili. Upande mmoja iliandikwa kwa hofu, kwa mgonjwa mmoja mmoja. Upande wa pili iliuzwa kwa tani: makala ya 2015 ilitaja makadirio ya mahitaji ya kilimo duniani ya tani 11,942 kwa mwaka. Kati ya watengenezaji wakubwa kumi wa kolistini ya mifugo, wanane walikuwa wa China, mmoja wa India na mmoja wa Denmark.

Sehemu kubwa ya dawa hiyo haikwenda kwa mnyama mgonjwa. Ilitengenezwa kama premiksi, yaani dawa iliyochanganywa na kijazio ili iwe rahisi kupimwa kiwandani, kisha gramu chache zikaingizwa kwenye kila tani ya chakula. Nguruwe mzima anakula, tumbo linatulia, anaongeza uzito haraka kidogo. Hicho ndicho kinachoitwa kichocheo cha ukuaji. Ukitaka kuwafundisha bakteria ustahimilivu, hutapata mpango mzuri kuliko huo: dozi isiyotosha kuwaua wote, kila siku, kwa maelfu ya wanyama wanaoishi wakigusana.

Onyo halikuwa jipya. Mwaka 1969 kamati ya Swann nchini Uingereza ilishauri kwamba antibaiotiki zinazotibu watu zisitumike kukuzia mifugo. Umoja wa Ulaya ulifuta vichocheo vyote vya ukuaji vya aina hiyo kuanzia Januari 2006. Kolistini ikabaki kwingineko, na sababu moja ni kwamba wataalamu wengi waliamini usugu dhidi yake hauna miguu.

Kwa nini waliamini hivyo

Utando wa nje wa bakteria kama E. coli una molekuli za mafuta ziitwazo lipidi A, zenye chaji hasi. Kolistini ina chaji chanya. Inavutwa, inajibandika, inautoboa utando, na vya ndani vinavuja. Bakteria anayetaka kupona sharti abadilishe sura ya utando wake, na hadi 2015 njia zilizojulikana zilikuwa mabadiliko kwenye kromosomu yake mwenyewe, yaani DNA yake kuu. Usugu wa namna hiyo unarithiwa na watoto wa bakteria yule tu. Hauhami kwenda kwa jirani. Na mara nyingi unamdhoofisha mwenye nao, kwa hiyo dawa ikiondoka anashindwa na wenzake na kupotea.

SHP45 alikuwa na njia nyingine. Usugu wake ulikaa kwenye plasmidi, duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, lenye herufi 64,015. Ndani yake kulikuwa na jeni moja iliyopewa jina mcr-1. Jeni hiyo inatengeneza kimeng'enya kinachobandika kipande cha fosfoethanolamini juu ya lipidi A, chaji hasi inapungua, na dawa inakosa pa kushika.

Plasmidi ndiyo iliyobadilisha hesabu. Bakteria mwenye nayo anaweza kumgusa jirani na kumpa nakala, kama mtu anayemrushia mwenzake wimbo kwa Bluetooth: wake unabaki na mwenzake anao. Na jirani si lazima awe wa ukoo mmoja. Watafiti walipowaweka SHP45 na E. coli wengine pamoja, kati ya mmoja kwa kila kumi na mmoja kwa kila elfu ya wapokeaji waliipata. Waliihamishia pia kwa Klebsiella pneumoniae na Pseudomonas aeruginosa, ikakaa. Panya walioambukizwa bakteria mwenye jeni hiyo, kolistini haikuwasaidia.

Ushahidi wa wagonjwa kumi na sita

Swali lililofuata lilikuwa kama SHP45 ni mmoja tu aliyepotea njia. Timu ilipima sampuli walizokusanya kati ya 2011 na 2014. Kwenye nyama mbichi ya nguruwe na kuku kutoka masoko ya wazi na supamaketi za Guangzhou, 78 kati ya sampuli 523 zilikuwa na E. coli wenye mcr-1, sawa na asilimia 15. Kwa nguruwe waliofika machinjioni, 166 kati ya 804, asilimia 21. Ukiwagawa nguruwe hao kwa miaka unaona mwendo wenyewe: 31 kati ya 216 mwaka 2012, 68 kati ya 325 mwaka 2013, 67 kati ya 263 mwaka 2014. Kutoka mmoja katika saba hadi mmoja katika wanne kwa miaka miwili.

Kwa watu namba ilikuwa ndogo. Walipima bakteria kutoka kwa wagonjwa 1,322 waliolazwa katika hospitali mbili, moja Guangdong na nyingine Zhejiang. Wenye jeni walikuwa 16, kama asilimia moja.

Watu wengi husoma namba hiyo ya mwisho na kupumua. Mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu moja: wakati huo kolistini haikuwa ikitumika kutibu watu nchini China. Iliingia hospitalini huko mwaka 2017. Hakukuwa na daktari aliyewapa wagonjwa wale kolistini, wala duka la dawa lililowauzia. Usugu dhidi ya dawa ambayo binadamu hatumii ukionekana kwa binadamu, na wakati huohuo ukawa umejaa kwa wanyama wanaolishwa dawa hiyo kila siku, ni vigumu kuelezea kwa njia nyingine. Nchi nyingine nyingi zisingeweza kutoa ushahidi safi namna hiyo, maana kwao dawa ilikuwa inatoka pande zote mbili na kila upande ungemnyooshea mwenzake kidole.

Ilikuwa imeshafika

Desemba 2015, watafiti wa Denmark waliingia kwenye hifadhi yao ya jenomu (DNA nzima ya kila bakteria) zilizokwisha kusomwa, wakatafuta mcr-1 kwa kompyuta tu. Wakaipata kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa na maambukizi ya damu, na kwenye sampuli tano za nyama ya kuku iliyoagizwa kutoka nje kati ya 2012 na 2014. Mwaka 2016 ikaripotiwa Marekani kwa mgonjwa wa maambukizi ya mkojo.

Wachina nao walirudi kwenye makabati yao. Katika E. coli 1,611 wa kuku waliohifadhiwa tangu miaka ya 1970, watatu wa miaka ya 1980 walikuwa nayo. Baadaye inatokea hapa na pale, kisha kuanzia 2009 inaonekana mfululizo na kupanda. Uchambuzi wa jenomu 457 uliochapishwa 2018 ukasema kwamba mcr-1 zinazozunguka leo zinaelekea kutokana na tukio moja la katikati ya miaka ya 2000, pale jeni ilipodandia kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama. Kipande hicho kinaitwa ISApl1, na kilijulikana kwanza kutoka kwa bakteria anayesababisha nimonia ya nguruwe. Tarehe za kuku wa miaka ya 1980 na za jenomu hazilingani vizuri, na sioni haja ya kuzilazimisha. La kushika ni kwamba jeni ilikuwepo kwa uchache kwa miaka mingi, kisha ikalipuka palipokuwa na nguruwe wengi na dawa nyingi kwa pamoja.

Na haikubaki bandani. Kusini mwa China kuna ufugaji wa kuunganisha: bata juu, samaki chini, kinyesi cha bata kinarutubisha bwawa. Kwa mtazamo wa chakula na gharama ni mpango wenye akili, na unahimizwa sehemu nyingi za dunia. Lakini bata akipewa dawa, samaki naye amepewa, na bakteria wa wote wawili wanakutana majini. Utafiti uliochapishwa 2019 uliifuata mcr-1 kwenye mnyororo huo, kutoka kwa bata na samaki hadi kwa watu, na kuikuta njiani. Upande wa maji una jambo lingine pia. Jeni za familia hii sasa zimefika mcr-10, na kadhaa kati yake zinafanana sana na jeni za bakteria wa majini: mcr-3 na jeni za Aeromonas, wanaoishi kwenye maji baridi na kwa samaki, mcr-4 na za Shewanella. Kwa hiyo bwawa linaweza kuwa mahali jeni inapopita na pia mahali nyingine zinapozaliwa.

Kwenye mashamba ya kuku ya mkoa wa Shandong, watafiti walipima hata inzi, mbwa na mbayuwayu waliokuwa wakizunguka mabanda. Jeni za usugu zilikuwemo, ikiwemo NDM, ile inayovunja karbapenemu, ingawa karbapenemu hazipewi kuku. Zikikaa mcr-1 na NDM ndani ya bakteria mmoja, daktari anabaki na machache sana ya kuandika.

Kuhusu nyama yenyewe niseme kwa kifupi: ikiiva sawasawa E. coli wanakufa. Shida ni majimaji ya nyama mbichi kwenye ubao na mikononi, na watu wanaoshinda machinjioni na mabandani.

Uamuzi na kilichofuata

Serikali ya China ilifanya jambo ambalo serikali chache zimelifanya kwa kasi hiyo. Makala ilitoka Novemba 2015. Katikati ya 2016 Wizara ya Kilimo ilitangaza kuifuta kolistini kama kichocheo cha ukuaji, na utekelezaji ukaanza tarehe 30 Aprili 2017. Matibabu ya mnyama mgonjwa hayakuzuiwa. Kilichoondoka ni ile ya kwenye mfuko wa chakula.

Matokeo yalichapishwa 2020. Uzalishaji wa premiksi ya kolistini ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi 2,497 mwaka 2018. (Tani hizo ni pamoja na kijazio, ndiyo maana zinapita yale makadirio ya dawa tupu niliyotaja juu.) Katika mikoa 23, E. coli wa nguruwe waliohimili kolistini walikuwa asilimia 34.0 mwaka 2015 na 2016; mwaka 2017 na 2018 walikuwa asilimia 5.1. Kwa kuku walitoka 18.1 hadi 5.0. Kinyesi cha mabandani nacho kilionyesha jeni ikipungua ndani ya mwaka mmoja. Kwa watu, wanaobeba mcr-1 tumboni bila kuugua walishuka kutoka asilimia 14.3 mwaka 2016 hadi 6.3 mwaka 2019.

Kasi hiyo iliwashangaza wengi, pamoja na waliokuwa wakisema jeni ikishatoka haifukuziki. Haikufukuzwa kweli, asilimia tano ya E. coli wa nguruwe wa China ni bakteria wengi mno. Lakini kutoka theluthi hadi asilimia tano kwa miaka miwili, bila kumfundisha mfugaji mmoja lolote, kunatuambia kosa lilikaa wapi. Lilikaa kwenye fomula ya chakula na kwenye kibali cha wizara. Semina elfu moja za wafugaji zisingefika pale, kwa sababu mfugaji hakuwa ndiye anayechanganya. China iliendelea hadi Julai 2020, ikazuia chakula chenye vichocheo vingine vya antibaiotiki pia. India ilipiga marufuku kolistini kwa wanyama wa chakula mwaka 2019.

Huku kwetu Afrika Mashariki picha ni tofauti kidogo, na ndiyo maana suluhisho la China haliwezi kunakiliwa lilivyo. Dawa haiji sana ndani ya chakula cha kiwandani. Inanunuliwa kwa pakiti kwenye duka la dawa za mifugo na kutiwa kwenye maji ya kunywa. Geuza pakiti za unga wa kuku usome maandishi madogo ya nyuma. Kwenye baadhi utakuta colistin sulphate imekaa pamoja na antibaiotiki nyingine moja au mbili na vitamini, na muuzaji anakushauri uwape vifaranga siku za mwanzo ili waanze vizuri. Kifaranga yule haumwi. Anakunywa kichocheo kilichovaa nguo za dawa, na kwa sababu kwenye pakiti kimeandikwa kuwa ni cha tiba, marufuku ya aina ya China isingekigusa.

Kuna na suala la kuiona. Maabara nyingi za hospitali hupima usugu kwa kuweka vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani yenye bakteria na kupima duara la waliokufa. Kwa antibaiotiki nyingi njia hiyo inafaa. Kwa kolistini haifai: molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria iliyo kwenye sahani, kwa hiyo duara linadanganya. Tangu 2016 taasisi za Ulaya na Marekani zinazoweka viwango vya upimaji zilikubaliana kwamba kolistini ipimwe kwa kuiyeyusha katika mchuzi wa kuoteshea, kwa viwango vinavyoongezeka kutoka kishimo kimoja cha sahani ya kupimia hadi kingine. Ni kazi zaidi na gharama zaidi. Hospitali yenye vidonge vya karatasi peke yake inaweza kuwa na mcr-1 wodini na majibu yakasomeka kwamba dawa inafanya kazi.

Imebaki namba moja ya China ambayo haikushuka kama nyingine. Kwa wagonjwa wenye maambukizi hasa, wale wa kitandani, E. coli wenye mcr-1 walikuwa asilimia 1.7 mwaka 2015 na 2016, na asilimia 1.3 mwaka 2018 na 2019. Nguruwe walishuka mara sita na zaidi, wagonjwa karibu walibaki palepale. Wapo wanaolitumia hilo kusema marufuku haikumsaidia mgonjwa. Ila kumbuka mwaka: 2017 kolistini ilitoka kwenye hori, na 2017 hiyohiyo ikaingia wodini. Mgonjwa wa 2019 aliishi kwenye hospitali inayoitumia, mgonjwa wa 2014 hakuishi humo. Ule usafi wa ushahidi uliowawezesha kina Liu kumtaja nguruwe mwaka 2015 haupo tena, na mcr-1 itakayoonekana kwenye hospitali za China kuanzia sasa itabidi ichunguzwe kwa kuangalia pande zote mbili, bandani na kwenye jalada la mgonjwa.